Kushuka Mombasa na ndai ya stima? Piga hesabu ya kurudi kwanza

Umeona ile Nissan Leaf kwa yadi pale Ngong Road. Rangi safi, injini haina kelele kwa sababu injini yenyewe hakuna, na muuzaji anakuapia ukichaji mara moja inaenda kilomita 400. Unapiga hesabu ya haraka kichwani. Nairobi mpaka Mombasa ni kama kilomita 485. Basi ni kuchaji mara moja tu njiani, chai ikunywewe Mtito Andei, na jioni mko Nyali miguu kwa mchanga.

Pole msee wangu, hiyo hesabu itakuacha Tsavo na watoto nyuma ya gari.

Si eti gari za stima haziwezi safari ndefu. Mwaka wa 2024 pikipiki ya stima ya Roam Air, ya hapa hapa Nairobi, iliendeshwa kutoka Nairobi mpaka Stellenbosch, Afrika Kusini, kama kilomita 6,000, ikichajiwa na sola. Kwa hivyo Mombasa inafikika. Shida ni kwamba gari ya petroli inakusamehe ukikosa kupanga, na ya stima haikusamehei. Kwa hii makala tunatumia Leaf ya betri ya yuniti 40 kama mfano, zile za kuanzia 2018, kwa sababu ndiyo msee wa kawaida anaweza kuota. Kama uko na ingine, badilisha namba ufuate hesabu ile ile.

Ile 400 ya kwa yadi ilitoka wapi

Muuzaji hajakudanganya sana. Hiyo 400 ni namba halali ya kipimo cha Japani kinaitwa JC08, ambapo gari inapimwa kwa spidi ya polepole ya mjini. Gari ile ile, Wamarekani waliipima kwa kipimo chao cha EPA wakapata kama kilomita 243. Ulaya, kwa kipimo cha WLTP, wakapata 270. Gari moja, betri moja, namba tatu tofauti. Ya Mombasa Road, ukiwa umebeba familia na AC inapuliza, iko karibu na ya Wamarekani kuliko ya Wajapani. Na hapo bado tunaongelea betri mpya.

Yako si mpya. Leaf inaonyesha afya ya betri kwa vibaa 12 vidogo kando ya geji. Wengi wakiona vyote 12 viko, wanatoa pesa. Sasa shika hii: kibaa cha kwanza hakipotei mpaka betri iwe imepoteza kama asilimia 15. Yaani gari inaweza kukuonyesha 12 kwa 12 na kumbe imebaki na asilimia 86. Ukitaka ukweli, nunua kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani kwa ile plagi ambayo mafundi husomea makosa ya gari, halafu uweke programu ya LeafSpy kwa simu. Itakupa asilimia kamili. Fanya hivyo kabla ya kununua, na ufanye tena kabla ya safari.

Tuseme yako imebaki na yuniti 32 unazoweza kutumia. Yuniti ni zile zile unanunua za tokeni kwa nyumba, hakuna hesabu mpya ya kujifunza. Kwa spidi ya 85 hadi 90, watu wanne, mizigo na AC, weka yuniti 17 kwa kila kilomita 100. 32 gawanya kwa hiyo, unapata kama kilomita 188 mpaka izime kabisa. Si 400. Hata nusu haifiki.

Usiamini pia ile namba ya kilomita kwenye dashi. Inakisia tu kutokana na vile umekuwa ukiendesha juzi na jana. Kama wiki yote ulikuwa kwa jam ya Waiyaki Way, itakupa namba tamu sana, halafu ukitoka Mlolongo uanze kukanyagia, unaona kilomita zinayeyuka mbele ya macho yako. Angalia asilimia. Asilimia haina maneno mengi.

Kushuka si kupanda

Hapa ndipo wasee wengi huchomeka. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mombasa iko hapo hapo baharini. Kwa gari ya petroli hujawahi kujali hiyo kitu. Kwa gari ya stima ndiyo kila kitu.

Leaf ikiwa na watu na mizigo ina uzito wa karibu kilo 1,900. Kuinua hiyo uzito mita 1,700 kunataka karibu yuniti 9 za stima, na hapo hujahesabu kusonga mbele, ni kupanda tu. Yuniti 9 ni kama kilomita 50 za barabara tambarare. Ukishuka unarudishiwa kiasi, kwa sababu mota ikizungushwa na magurudumu inageuka jenereta na kuchaji betri, lakini hairudishi zote. Weka thuluthi mbili hivi.

Sasa tugawanye barabara. Nairobi mpaka Makindu ni kama kilomita 165. Makindu mpaka Voi ni kama 160. Voi mpaka Mombasa ni kama 155. Ni kama mtu aliipima akijua gari yako inaenda wapi, vipande vitatu karibu sawa. Makindu iko kama mita 1,000 juu na Voi karibu 600.

Kushuka Nairobi mpaka Makindu unahitaji yuniti 28 za umbali, unarudishiwa kama mbili na nusu kwa kushuka. Unafika Makindu na yuniti sita na kitu, yaani asilimia 20. Poa kabisa. Unajipiga kifua, unapigia buda yako simu umwambie alikuwa anabisha bure.

Siku ya kurudi unatoka Makindu ukiwa umejaza betri mpaka mwisho, barabara ile ile, gari ile ile. Yuniti 28 za umbali, ongeza kama nne za kupanda. 32. Umemaliza. Ile gari ilikufikisha Makindu na asilimia 20 ndiyo hiyo hiyo itakuzimia Mlolongo usiku, malori yakipita sentimita chache kutoka kwa kioo chako.

Ndiyo maana nasema piga hesabu ya kurudi kwanza. Ukipanga safari ya kurudi ikakubali, ya kwenda itakubali yenyewe. Na jibu la hii mfano ni rahisi: ukirudi, ongeza kituo kimoja Emali au Sultan Hamud, hata kama ni yuniti nane tu za kukuvusha. Emali mpaka Nairobi ni kama kilomita 125, hapo unapumua.

Spidi, na ile tabia ya kupiga free

Upepo ndio unakula betri kwa barabara kuu. Ukipandisha spidi kutoka 85 mpaka 110, nguvu ya kupasua hewa kwa kila kilomita inaongezeka karibu thuluthi mbili. Hata polisi asipokusimamisha, betri haijui sheria. Kwa Leaf, 85 ndiyo spidi ya kufika. Na kwa Mombasa Road hiyo si adhabu kubwa vile unafikiria, kwa sababu malori yatakushikilia hapo hapo upende usipende. Kukaa nyuma ya lori la 70, umbali wa kutosha wa kushika breki, ni stima ya bure. Gari ya petroli hukufanya uone lori ni adui. Hii itakufundisha subira kuliko mathe yako alivyojaribu.

Halafu kuna wale madere wa zamani, na najua uko na mjomba kama huyo, ambao wakifika mteremko wanaweka free ndio waokoe mafuta. Kwa gari ya stima usithubutu. Ukiweka free, magurudumu hayazungushi mota kama jenereta, kwa hivyo ile stima ya mteremko yote inapotea na breki ndizo zinabaki na kazi. Weka B, au washa ile e-Pedal, uachilie mguu taratibu. Pale Salama kuna miteremko mizuri ya kuvuna.

Kitu ingine kidogo: ukitoka nyumbani na betri imejaa asilimia 100, kilomita za kwanza gari haitavuna kitu, kwa sababu hakuna mahali pa kuweka. Usifikiri imeharibika. Lakini pia utahisi haishiki vile umezoea ukiachilia mguu, kwa hivyo kuwa mwangalifu na breki.

Angalia pia upepo wa tairi kabla ya kutoka, bei yake kwa petroli stesheni ni bure na tairi laini inakula betri kimya kimya. Na ule mzigo wa juu ya paa, shusha. Godoro halihitajiki Mombasa.

Chaja ziko, lakini uliza ni ya plagi gani

Chaja nyingi za Kenya zimejazana Nairobi, kwa mall na ofisi, mahali ambapo mwenye gari angeweza kurudi nyumbani achaji. Barabarani ni chache. Pakua PlugShare, angalia ramani, halafu usiamini ramani. Piga simu siku moja kabla na upige tena asubuhi ya safari. Uliza maswali matatu: inafanya kazi leo? Plagi ni gani? Usiku iko wazi?

Swali la plagi ndilo linaumiza watu. Leaf ya Japani inachaji haraka kwa CHAdeMO. Magari mapya kama BYD Atto 3 ya kuuzwa hapa yanatumia CCS2. Zile gari watu wanajiletea moja kwa moja kutoka China mara nyingi zina GB/T. Hizi haziingiliani. Unaweza kufika kwa chaja kubwa inang'aa, ina stima, haina foleni, na bado usiweze kuchaji. Ni kama kufika kwa jamaa na chaja ya Nokia ya pini nyembamba. Uliza kwa jina, usiulize tu "mnachaji magari?" kwa sababu jibu ni ndiyo kila saa.

Ukipata chaja ya haraka ya kilowati 50, Leaf ya 40 inatoka asilimia 20 mpaka 80 kwa dakika kama 40. Usingoje mpaka 100. Kutoka 80 kuendelea inameza polepole sana, hiyo saa nzima ungekuwa umeshafika mbali. Na Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri kama magari mengine, inategemea tu hewa. Ukiichaji haraka mara mbili au tatu siku moja, kwa jua la Voi, betri inapata joto na gari yenyewe inapunguza kasi ya kuchaji. Dakika 40 zinakuwa saa na nusu. Kuna geji ya joto la betri kwa dashi, iangalie. Toka Nairobi saa kumi alfajiri, chaji ya kwanza iwe kabla jua halijawaka, na ukisimama tafuta kivuli.

Kama uko na gari ya yuniti 60, mambo ni tofauti, unasimama mara moja Mtito Andei, kama kilomita 240, na unafika. Kama uko na ile Leaf ya kitambo ya 24, maoni yangu ni hii: panda SGR, acha gari Syokimau. Sikuchekeshi.

Kanuni ya kushikilia ni usipange kufika mahali na chini ya asilimia 20. Hiyo 20 si ya gari, ni ya Kenya. Ni ya chaja iliyokufa jana, ya stima kupotea mji mzima, ya ajali Kibwezi inayokuzungusha. Kenya Power hutangaza maeneo yatakayozimwa stima kwa matengenezo kila wiki. Soma hiyo orodha kabla ya safari, tafuta jina la mji unaopanga kuchaji.

Soketi ya gesti

Bila chaja ya haraka, unabaki na soketi ya ukuta. Inawezekana, lakini jua unaingia nini. Waya wa kawaida wa kuchaji kwa soketi unavuta ampia 10, hiyo ni kilowati mbili na kitu. Ukilala masaa 10, betri inapata kama yuniti 21. Masaa 12, kama 25. Kwa hivyo usiku mmoja haujazi Leaf yenye betri tupu. Safari ya Mombasa kwa soketi peke yake ni siku tatu: lala Makindu, lala Voi, fika. Kama uko likizo na huna haraka, si mbaya. Makindu kuna lile hekalu la Masingasinga ambalo hulisha wasafiri bure, wa dini yoyote. Kula, toa shukrani, weka kitu kwa sanduku. Lakini usiwaombe na stima juu.

Kabla ya kulipia chumba popote, pigia meneja na umwambie ukweli. Si "nitachaji simu." Mwambie ni gari, itavuta stima usiku kucha, na utalipa. Gesti nyingi zinatumia tokeni, na ukimmalizia mtu tokeni usiku wageni wote wakose taa, asubuhi hamtaelewana. Yuniti 25 kwa bob 30 ni kama 750. Toa thao moja kabla ya kuchomeka, na mtu atakuchungia hiyo gari kama yake.

Halafu usalama, na hapa sichezi. Waya unaokuja na Leaf ya Japani umetengenezwa kwa volti 200 na huvuta mpaka ampia 15. Soketi yetu ya kawaida ni ya ampia 13, na hiyo 13 ni ya pasi ya dakika kumi, si ya masaa 12 mfululizo. Ukibandika adapta ya River Road katikati, unapika plastiki ya mtu usiku akiwa amelala. Nunua waya wa volti 240 unaoweza kupunguzwa mpaka ampia 10 au 8. Usitumie extension ya kukunja ikiwa imekunjwa, inajipasha joto yenyewe. Baada ya nusu saa, rudi uguse plagi. Ikiwa na joto kidogo, sawa. Ikikuchoma, chomoa, lala, panga upya kesho. Hakuna mkutano wa harusi unaoshinda gesti ya watu kuungua.

Na doo?

Kwenda na kurudi, pamoja na stima inayopotea wakati wa kuchaji, ni kama yuniti 187. Kwa bei ya karibu bob 30 ya nyumbani hiyo ni 5,600. Gari ya petroli ya kilomita 12 kwa lita itakunywa lita 81, na ukiweka bob 180 kwa lita ni zaidi ya 14,500. Tofauti ni kubwa, lakini sema ukweli: yuniti nyingi za safari utazinunua njiani, na chaja za haraka huuza bei juu ya ile ya nyumbani. Gari ya stima inakuokolea pesa Nairobi kila siku. Safari ya Mombasa ni ya kuvunja hata, usiifanyie doo.

Ikizima

Ikifika asilimia 10 na hujaona mji, zima AC, shuka mpaka 50 au 60, washa taa za hatari na ukae kushoto kabisa. Gari itaanza kukuonya, halafu itakuchorea kobe kwa dashi. Hapo uko na muda mfupi sana. Tafuta mahali pana pa kutoka barabarani gari ikiwa bado inasonga, usingoje ikusimamie kwa lami. Kati ya Mtito na Voi pande zote mbili ni mbuga, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu huvuka. Usiku mkae ndani ya gari. Hicho kipande kipange kiwe cha mchana, kwenda na kurudi.

Msamaria akisimama na kamba, mshukuru na ukatae. Leaf haivutwi magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa sababu mota inazungushwa na unaweza kuharibu vitu vya bei ya gari nyingine. Itisha brekidauni ya kubeba gari mgongoni, magurudumu yote juu. Namba yake, pamoja na ya bima yako, iandike kwa karatasi uweke kwa dashi kabla ya kutoka nyumbani. Simu nayo huisha chaji.